Sukari ya Khanun

Julai 21

Leo watawa wameingia Phansa, miezi mitatu ya mvua. Hawatalala nje ya hekalu mpaka mvua zikatike mwezi wa Oktoba. Watu walikuja na mishumaa, mimi nikarudi nyumbani na paka.

Sikupanga. Nilikuwa nimemsindikiza Bibi kupeleka chakula. Mtawa Khamphan, yule mzee, akaniita kando ya tangi la maji. Chini ya tangi alilala Khanun, dume la manjano ambalo kijiji kizima kimewahi kulirushia kichwa cha samaki. Amekonda hadi mifupa ya mgongo inahesabika, na anakunywa maji kama ng'ombe.

"Waen, wewe umemaliza shule na huna maneno mengi," mtawa akasema. "Mgonjwa anahitaji mtu wa namna hiyo."

Daktari Orathai wa kliniki ya wanyama mjini, aliyekuwa amekuja hekaluni, alimpima damu akasema ni kisukari. Achomwe sindano ya insulini asubuhi na jioni, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili, baada ya kula. Wengine huchomwa maisha yao yote. Wengine, wakishikwa vizuri mapema, kongosho hurudia kazi yake. Halafu akauliza nani atamlea, na watu wote waliokuwa kwenye benchi wakanitazama. Mimi watu wakinitazama sijui kukataa.

Nimekuwa mlezi wake hadi mwisho wa Phansa. Baada ya hapo atafutiwe nyumba.

Julai 22

Nimemchoma. Nusu ya dawa iliishia kwenye manyoya. Daktari aliniambia kwa simu nisirudie, nisubiri jioni. Nimesubiri.

Julai 23

Khanun jioni hali kitu. Amezoea maisha ya hekaluni: anakula mabaki ya watawa kabla ya adhuhuri, basi mpaka kesho. Daktari amekataza kumpa dozi kamili tumbo likiwa tupu, kwa hiyo nilikaa sakafuni muda mrefu nikiwa na samaki kwenye vidole.

Mjomba Thongsuk, jirani yetu, akachungulia dirishani. Kila Phansa huacha bia, na kila Phansa mfuko wake wa shati hujaa peremende.

"Mwache huyo," alisema. "Ameshika amri za watawa. Baada ya adhuhuri hali kitu. Wewe mtoto unataka kumtia dhambini?"

"Na wewe peremende zote hizo umeruhusiwa na nani?" Bibi akamjibu kutoka jikoni.

"Mama, nimeacha bia! Mkiniondolea na peremende, si mnizike tu?"

Bibi alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Februari, tulipouchoma moto mwili wa Babu.

Julai 27

Amekula jioni. Vijiko viwili vya kuku. Nilitaka kumwambia mtu, lakini Bibi alikuwa amelala.

Agosti 2

Mvua. Sindano. Mvua. Sindano.

Agosti 9

Dao, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, ameanza chuo Khon Kaen. Ametuma picha za bweni, za mkahawa, za wasichana sita wenye nywele zilizonyooshwa. Kwenye simu yangu nina picha za sikio la paka, maana tone la damu la kupimia sukari hutolewa ukingoni mwa sikio na Daktari anataka kuona kama kidonda kinapona.

Nimemjibu kwamba bweni ni zuri.

Agosti 16

Habari njema. Sukari imeshuka na imetulia. Khanun ameanza kujilamba manyoya, ishara kwamba anajiona paka tena. Mjini Khon Kaen yuko muuguzi anayeitwa Chomnat ambaye paka wake wa zamani aliugua kisukari, na Daktari anasema yuko tayari kumchukua Khanun mwisho wa Phansa. Sharti lake ni moja: awe ametulia. Kazi yake ni ya zamu, hawezi paka ambaye leo yuko juu, kesho yuko chini.

"Asipotulia?" nikauliza.

"Sina mtu mwingine, mdogo wangu."

Mimi Novemba naenda Rayong kufanya kazi kiwandani na mama mdogo. Bibi akiona sindano hushika ukuta. Bila mtu wa kumchoma Khanun atakufa, na Daktari aliniambia hivyo bila kupamba. Nilimshukuru, sijui kwa nini.

Agosti 25

Usingizi. Nilisinzia huku nimeshika kichupa cha dawa mkononi, nikaamshwa na paka. Njaa ilikuwa inamuuma.

Septemba 2

Leo ni siku ya wafu. Bibi aliamka kabla ya jogoo, nami nikamsaidia kufunga chakula kwenye majani ya mgomba: wali wa kunata, samaki, ndizi, tambuu, sigara moja. Vifurushi vya ndugu wa zamani tuliviweka kando ya ukuta wa hekalu, kama wanavyofanya wote. Kifurushi cha Babu, Bibi hakutaka kukiacha huko.

"Huko watu ni wengi," alisema. "Mzee wako hajui kusukumana."

Akakiweka chini, kwenye kona ya uzio wetu, akawasha mshumaa. Alikuwa amepika wali kwa tui la nazi, na juu yake akamimina maziwa mazito ya kopo, kwa sababu Babu hakunywa kahawa bila maziwa ya kopo maisha yake yote. Tukaingia ndani kumpa nafasi.

Nilipotoka kwenda kumtafuta Khanun kwa ajili ya sindano, nilimkuta kwenye kona ya uzio. Samaki alikuwa hajamgusa. Alikuwa analamba jani, macho ameyafumba.

Nilikimbia kumwondoa. Bibi akanishika mkono. Ana nguvu kuliko anavyoonekana.

"Mwache amalize."

"Bibi, ni sukari hiyo!"

"Umeona alivyoacha samaki? Babu yako alikuwa hapendi samaki asubuhi." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. "Amepokea. Mwaka huu wa kwanza niliogopa hatakuja. Kumbe amekuja."

Nilisimama pale mvua ikanikuta. Ni siku moja tu.

Septemba 4

Sukari juu. Nilitegemea.

Septemba 6

Juu bado.

Septemba 9

Juu. Daktari ameongeza dozi kidogo. Ameuliza kama kuna kitu anachokula nje ya ratiba. Nimesema hapana. Simwachi atoke nje ya uzio.

Septemba 13

Juu. Anakunywa maji tena kama mwanzo. Nimefua matandiko mara mbili, na hakuna jua la kuyakausha. Nyumba nzima inanuka mkojo na ukungu. Bibi amechangamka siku hizi, anaimba akipepeta mchele. Nafurahi kwamba angalau mmoja wetu ana furaha.

Septemba 20

Dozi imeongezwa tena. Daktari amesema huenda mwili wake unaikataa dawa. Amesema pia Dada Chomnat amepiga simu kuulizia. "Umemwambiaje?" nikauliza. "Nimemwambia asubiri kidogo," akasema, kwa sauti ile ambayo walimu walikuwa wanaitumia wakijua kwamba umefeli.

Kuna mtu anamlisha. Nimefikiri siku nzima na sioni jibu lingine. Nani anakaa kwenye ngazi yetu kila alasiri na mfuko uliojaa peremende?

Septemba 21

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimngoja Mjomba Thongsuk kwenye ngazi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno, lakini yalitoka yote kwa mkupuo.

"Mjomba, acha kumpa Khanun peremende. Utamuua."

Alidhani natania. "Paka gani anayekula peremende? Hebu nionyeshe, tumpeleke kwenye maonyesho."

"Sitanii. Sukari yake haishuki. Ni wewe tu unayekuja hapa na vitu vitamu."

Akanitazama. Uso wake bila kicheko sikuujua. "Waen. Huyo paka nimemjua kabla yako. Nilikuwa nikilala chini ya lile tangi nikiwa nimelewa, yeye ananilalia kifuani. Unaona mimi ni mtu wa kumuua?"

Nikatazama mfuko wake wa shati. Akaona ninakotazama, akashuka ngazi polepole. Bibi alikuwa mlangoni na amesikia yote. Nilidhani atanigombeza kwa kumkosea heshima mtu mzima, lakini aligeuka akarudi jikoni.

Septemba 22

Mjomba Thongsuk hakupita leo.

Septemba 25

Hakupita. Sukari bado iko juu. Kama alikuwa ni yeye, mbona haishuki?

Septemba 28

Dozi imepanda mara ya tatu. Sindano sasa inaonekana imejaa. Nachoka hata kuandika.

Oktoba 1

Bibi amekwenda kuvaa nyeupe hekaluni na wazee wenzake. Watakaa siku tano, watasali, hawatakula baada ya adhuhuri, watashika amri nane. Alifunga na kufungua kifurushi chake mara kadhaa. Akiwa mlangoni aliinama akamwambia Khanun kitu masikioni, kisha akaniambia, "Mpende kidogo jioni, mjukuu wangu. Asijione ameachwa."

"Nampenda kila siku, Bibi," nikasema. Nadhani nilisema kwa ukali.

Oktoba 2

Jioni sukari imeshuka! Si kidogo, imeshuka kweli. Nimempigia Daktari, hakupokea. Nikamtumia ujumbe. Nimecheka peke yangu jikoni. Dawa imeanza kukubali.

Oktoba 3

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Nguo zimenigandia mwilini.

Asubuhi Khanun alikula nusu tu ya chakula chake. Sikio lilikuwa limevimba, nikamhurumia, nikasema leo sitalitoboa, jana si kipimo kilikuwa kizuri? Nikamchoma dozi ileile kubwa. Daktari alikuwa ameniandikia usiku, "Punguza hadi tuongee," lakini simu ilikuwa imeisha chaji na mimi sikuiangalia.

Nilikwenda sokoni. Niliporudi sikumwona kwenye mkeka. Nikamkuta chini ya kitanda cha Bibi, miguu ya nyuma imetanuka kama si yake, kichwa kinatikisika. Nilimwita. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona.

Nilijua ni nini. Daktari alinieleza siku ile ya kwanza: sukari ikishuka mno, mpake kitu kitamu kwenye fizi, usimmiminie kooni, mlete. Siku ile niliitikia kwa kichwa tu nikijua hayatanipata.

Asali haikuwapo. Sukari ilikuwa kwenye mtungi na mikono yangu ilikuwa imelowa, ikaganda kwenye vidole. Nikafungua friji. Nyuma ya mtungi wa samaki wachachu kulikuwa na kopo la maziwa mazito, limefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba na kufungwa kwa uzi.

Lilikuwa karibu kwisha.

Sikuwaza chochote wakati ule. Nilichota kwa kidole nikampaka kwenye fizi, nikapaka tena. Midomo yake ilikuwa baridi. Niliendelea kupaka na kumwita mpaka ulimi ukasogea. Akalamba. Akalamba kidole changu kama kitu anachokijua, na hapo ndipo nilipoelewa. Babu amekufa. Mimi sinywi kahawa. Bibi hanywi kahawa. Kopo hili lilikuwa la nani?

Nikamfunga kwa kitenge cha Bibi nikatoka barabarani. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ghadhabu. Mjomba Thongsuk alikuwa barazani kwake anatengeneza wavu. Alimwona Khanun mikononi mwangu akasimama, wavu ukaanguka. Hakuniuliza kitu. Akawasha pikipiki yake yenye kigari cha pembeni, akavua koti la mvua akamfunika paka.

Njiani nilipiga kelele ili anisikie, "Mjomba, nisamehe!"

"Shika kichwa chake!" akajibu kwa kelele vilevile. "Kichwa! Mambo ya msamaha yana siku yake!"

Daktari amemwekea dripu. Amesema ataishi. Amesema nilifanya vizuri kupaka fizi na vibaya kutompima, vyote viwili kwa sauti ileile. Mjomba Thongsuk amelala kwenye benchi hili, mdomo wazi. Kabla ya kulala alinipa peremende. Nimeila.

Oktoba 4

Nimekwenda hekaluni. Wazee walikuwa wamekaa ukumbini kwa safu, wamevaa nyeupe tupu, Bibi karibu na nguzo. Mtawa Khamphan alikuwa amemaliza kuwafundisha. Nilitambaa hadi kwa Bibi nikamweleza yaliyotokea. Uso wake ulibadilika rangi.

"Yu hai?"

"Yu hai. Bibi, nina swali."

"Usiniulize humu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu humu nimeshika amri. Humu sisemi uongo."

"Basi nauliza humu humu."

Wazee wawili wa mbele waligeuka. Sikujali. Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina nilikuwa nasahau hata jina langu.

Bibi alitazama mikono yake. "Kijiko kimoja," alisema. "Jioni, ukienda kuoga. Siku nyingine viwili."

"Kila siku?"

"Babu yako alikunywa kahawa kila siku. Nimkaribishe mara moja halafu nimwache na njaa?"

"Ulinisikia nikimtukana Mjomba Thongsuk."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Alianza kulia, lakini bila sauti, kama watu wanaoona haya kulia. "Ningesema, ungeninyang'anya kopo. Nilijua ni vibaya. Nilijiambia, paka mmoja, kijiko kimoja, kitu gani. Kila jioni alikuwa ananingoja mlangoni, Waen. Nani mwingine ananingoja?"

Nilikuwa nimekuja na hasira kubwa. Nilikuwa nimeibeba kutoka nyumbani kwa uangalifu ili isimwagike njiani. Sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa nimechoka tu. Nilifikiri jinsi kila jioni tulivyokuwa tunapishana, mimi na bomba la sindano, yeye na kijiko, kila mmoja akijaribu kuzuia mtu asife.

"Mmiminie maji," nilisema. "Kama mnavyofanya asubuhi hapa, mkiwapelekea wafu thawabu. Mmiminie Babu maji jioni. Maji hayana sukari."

Mtawa Khamphan alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

"Babu yako na maji," Bibi alisema, akijifuta macho kwa ncha ya shela nyeupe. "Atanuna huyo."

"Anune."

Oktoba 6

Bibi amerudi. Kabla ya kuingia kwetu alipitia kwa Mjomba Thongsuk. Sikusikia waliyoyazungumza, ila sauti ya Mjomba: "Mama, inuka bwana, utanipa laana!" Khanun amerudi pia. Dozi ni ndogo sana, imerudi pale tulipoanza.

Oktoba 8

Jioni Khanun alisimama mlangoni akalia. Alilia mpaka Bibi akaenda kujifungia chumbani. Baadaye alitoka na bakuli, akamwaga maji polepole kwenye kona ya uzio, akimnung'unikia Babu kuhusu paa linalovuja.

Oktoba 12

Chini. Imetulia. Daktari amepunguza tena dozi. Siamini, nimepima mara mbili, nikamwomba Khanun radhi kwa tundu la pili.

Oktoba 17

Phansa imekwisha. Mjomba Thongsuk ameletewa bia na wanawe, amekunywa chupa moja akasinzia. Dada Chomnat amesema ndiyo. Nilipomwambia Bibi aliuliza kama huko Khon Kaen wana uzio au wanaishi ghorofani.

Oktoba 20

Dada Chomnat amekuja. Ni mnene, mpole, viatu vyake vinalia. Alimpima Khanun mwenyewe, mkono mwepesi kuliko wangu, na Khanun hakustuka. Niliona wivu kidogo.

Nilikuwa nimepanga kumweleza kila kitu lakini ulimi ukagoma kama kawaida. Bibi ndiye aliyemweleza, amesimama kando ya gari. Asubuhi anakula vizuri, jioni mbembeleze. Ukipima shika sikio la kushoto, la kulia linamuuma. Halafu akashika kisanduku alimokuwa Khanun kwa mikono miwili na hakukiachia.

"Bibi," nilisema.

"Namuaga tu." Aliinamisha uso kwenye matundu ya kisanduku. "Nenda na huyu dada. Ni muuguzi. Usimsumbue. Mimi niko na Waen mpaka mwezi ujao, kisha tutaona."

Dada Chomnat alimpigia magoti na kuunganisha viganja, hapo hapo kwenye matope. Bibi akaachia.

Oktoba 21

Mvua hakuna. Niliamka kwa wakati wa sindano, nikakaa kitandani, nikakumbuka.

Jioni Dada Chomnat alipiga simu. Khanun amekula. Sukari yake iko sawa, na jioni hii hakuhitaji sindano. Watampima tena kesho, na keshokutwa. Anadhani kongosho linaamka. Nilimshukuru mpaka akaniambia inatosha, mdogo wangu.

Bibi alikuwa uani, bakuli la maji mkononi, hajamimina. Nikamwambia yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Amekula mwenyewe? Hakulazimishwa?"

"Mwenyewe."

"Basi kafika." Akamimina maji, yote, mpaka bakuli likawa tupu. "Wewe nenda ukalale, leo hakuna sindano."

"Bado mapema, Bibi. Jua halijazama."

"Nenda ukalale."

Nikaenda.